Chuo cha sanaa kikitafuta nafasi, kisianze na kiwanja kitupu: uzi kuhusu majengo ya kale ya Jinja

MwalimuWalukuba (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nafundisha sanaa sekondari hapa Jinja, Uganda. Mwanafunzi wangu akitaka kuendelea na uchoraji, ufinyanzi au uchongaji, namwelekeza Makerere, Kyambogo, au Nkumba kule Entebbe. Wazazi wengi wa mitaa yetu ya Walukuba na Masese hawana uwezo wa kumpangishia mtoto chumba Kampala, basi kipaji kinaishia kwenye kuandika vibao vya maduka. Si kazi ya aibu hata kidogo, lakini mtoto alikuwa na zaidi ya hapo.

Sasa tembeeni Main Street mkiwa mmeinua macho juu ya paa la kibaraza. Mtaona mwaka umefinyangwa kwenye plasta, jina la familia, maua, nguzo ndogo za nakshi. Majengo yale yalijengwa na wafanyabiashara wa asili ya Kihindi katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita: duka mbele, familia juu au nyuma, ua katikati. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa siku 90 za kuondoka. Majengo yakaangukia mikononi mwa wengine, mengi yakawekwa chini ya bodi ya serikali, na baadaye, hasa miaka ya 1980 na 1990, baadhi yakarudishwa kwa wenyewe. Jiulizeni: katika muda huo wote, ni nani aliyekuwa na wajibu wa kupanda juu ya paa kubadilisha kigae kimoja kilichopasuka? Mpangaji anajua kesho anaweza kuambiwa atoke. Mwenye mali yuko ng'ambo ya bahari. Kigae kimoja kinaleta tone, tone linaozesha boriti, boriti inaleta ukuta chini, kisha watu wanasema jengo limezeeka.

Hoja yangu ni hii. Chuo cha sanaa kinachotaka kupanua kampasi yake kije huku, kichukue jengo la kale, na matengenezo ya jengo hilo yawe somo lenye mtihani. Sisemi mkandarasi asiwepo. Nasema mwanafunzi asihitimu kabla hajajua ukuta wa darasa lake umejengwa kwa nini na unaumwa wapi.

Tazameni Kasubi, Kampala. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba yenye makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda, iliungua Machi 2010. Ujenzi wake ulichukua zaidi ya miaka kumi na ulikuwa na misukosuko mingi, hadi 2023 UNESCO ilipoiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini hakuna aliyelazimika kuuliza nani ataezeka, maana kuezeka ni dhamana ya ukoo wa Ngeye, wanarithishana. Maduka ya Jinja hayana ukoo. Chuo cha sanaa kinaweza kuwa ukoo wake: kila mwaka wanaingia vijana wapya, kila mwaka mkubwa anamfundisha mdogo, na jengo halikosi mtu wa kuliangalia.

Wala msidhani sanaa ya vyuoni nchini mwetu ilizaliwa ndani ya jengo lililojengwa kwa ajili yake. Margaret Trowell, mwanzilishi wa shule ya sanaa ya Makerere, alipoanza mwaka 1937, alifundishia kwenye baraza ya nyumba yake. Mwaka 1942 Makumbusho ya Uganda, ambayo tangu 1908 yalikaa kwenye ngome ya Lugard pale Old Kampala, yalihamia shuleni kwake Makerere, yakabaki huko hadi 1954 yalipopata jengo lake pale Kitante, lile lililosanifiwa na Ernst May. Kwa muda wa miaka kumi na miwili ngoma, vyungu, mikuki na vitambaa vya gome vilikaa jirani na watu wanaojifunza kuchora! Shule hiyo ndiyo iliyompata Gregory Maloba kutoka Kenya, aliyechonga sanamu ya Uhuru iliyosimama Kampala tangu 1962. Ndiyo iliyowapata Sam Ntiro na Elimo Njau kutoka Tanzania. Shule ya kuazima nafasi, iliyoishi na vitu vya kale, iliwafundisha wasanii wa Afrika Mashariki nzima.

Nje ya kwetu, mfano ninaoufuatilia sana ni Savannah, jimbo la Georgia, Marekani. Chuo cha sanaa na usanifu cha pale, SCAD, kilianzishwa 1978. Jengo lake la kwanza lilikuwa ghala la silaha la kikosi cha kujitolea, la miaka ya 1890. Kiliendelea hivyo: jengo moja la zamani baada ya jingine, mpaka mji wenyewe ukawa kampasi. Jumba lake la makumbusho ya sanaa, lililopanuliwa na kufunguliwa upya 2011, liko ndani ya majengo ya kampuni ya reli ya 1853. Matofali ya kijivu ya mji ule yalifinyangwa na watumwa. Chuo kiliziacha kuta zile zilizochakaa zionekane, kikaunganisha kioo na zege jipya pembeni yake, na mgeni anaona wazi lipi la 1853 na lipi la juzi.

Reli ya 1853 kule, na sisi hapa tuna maghala na nyumba za reli zimekaa. Ndiyo maana nimeandika.

MjukuuWaReli

Mwalimu, asante sana. Umegusa reli, basi sina budi kuchangia, kwa sababu jambo hili huku Busoga, eneo letu la Jinja na jirani zake, tulishalifanya na tumelisahau.

Reli ya Busoga ilifika Namasagali mwaka 1912. Mizigo ilitoka Jinja kwa treni, pale ikapakiwa kwenye meli ya mvuke hadi Masindi Port kupitia ziwa Kyoga. Palikuwa na karakana, maghala, gati, nyumba za wafanyakazi. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi upande huo, na Kiswahili kiliingia nyumbani kwetu kupitia karakana zile, maana fundi wa Kisoga, Mjaluo na Mhindi walikuwa na lugha hiyo moja tu ya kupeana spana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda, bandari ikafa. Katikati ya muongo huohuo majengo yakageuzwa kuwa shule, ndiyo Namasagali College. Wale mnaokumbuka mnajua: shule ile ilivuma kwa dansi, muziki na maigizo, wanafunzi wakipandisha michezo yao hadi jukwaa la National Theatre Kampala. Hapakuwa na ukumbi uliojengwa kwa ajili ya tamthilia. Palikuwa na maghala makubwa yenye paa la juu na sakafu pana, na mtu mwenye akili akaona hapa watoto watacheza. Siku hizi Chuo Kikuu cha Busitema nacho kina kampasi Namasagali.

Kwa hiyo anayesema wazo la mwalimu ni la Wamarekani, aje Namasagali, wilayani Kamuli, aone.

MsomajiTororo

Naheshimu hoja zote mbili, lakini mimi napinga, na sababu yangu ni moja: moto.

Mwalimu ametaja Kasubi 2010. Mimi naongeza jengo kuu la Makerere, la 1941, lililoungua usiku mmoja Septemba 2020, paa lote likaenda pamoja na kumbukumbu za ghorofa za juu. Limejengwa upya na kufunguliwa 2024, sawa, lakini hicho ni chuo kikuu cha taifa, macho ya nchi nzima yalikuwa pale. Duka la Jinja likiungua nani atalijenga?

Na hayo yalikuwa nyumba ya makaburi na jengo la ofisi. Chuo cha sanaa kina tapentaini, rangi za mafuta, tanuri za ufinyanzi, mashine za kuchomelea vyuma. Someni habari za Glasgow, Uskoti. Jengo la shule ya sanaa lililosanifiwa na Charles Rennie Mackintosh, likakamilika 1909, moja ya majengo yanayopendwa sana Uingereza. Mei 2014 mwanafunzi alikuwa akiandaa kazi yake ya mwisho, gesi ya kopo la povu la kujazia nafasi ikashika moto kwenye projekta yenye joto. Moto ukapanda kupitia njia za zamani za hewa ndani ya kuta. Wakaanza kulitengeneza kwa gharama kubwa, na Juni 2018, kazi ikiendelea, likaungua tena karibu lote. Wale wana zimamoto wa kufika kwa dakika. Sisi je?

Jengeni jipya, zege, madirisha mapana, milango miwili kila chumba. La kale liwe makumbusho.

MwalimuWalukuba

Ndugu wa Tororo, hoja yako ni nzito na siwezi kuipita kwa maneno matamu. Nakubaliana nawe kabisa kuhusu hatari. Sikubaliani kwamba dawa yake ni kulifunga jengo.

Kwanza, si sanaa zote zina moto. Kuchora kwa penseli na makaa, ubunifu wa mitindo, ufumaji, upigaji picha, usanifu wa kompyuta, historia ya sanaa, maktaba, ukumbi wa maonyesho: hayo yote yanakaa ndani ya jengo la kale bila wasiwasi kuliko mgahawa wenye jiko la mkaa, na migahawa ya aina hiyo imejaa kwenye majengo hayo leo. Tanuri la ufinyanzi linalofika nyuzi 1000 hadi 1200 halina ruhusa ya kukaa chini ya kenchi za mbao, hapo hakuna mjadala. Linajengewa banda lake nyuma ya ua, mbali na ukuta, paa la bati, pande wazi. Kuchomelea na kuyeyusha shaba vilevile. Majengo yetu ya Kihindi yana ua mkubwa nyuma, na ua huo ndio unaolifanya jambo hili liwezekane.

Pili, mafuta ya kitani. Tambara lililolowa mafuta hayo likikunjwa na kutupwa kwenye pipa linaweza kujipasha joto lenyewe hadi liwake, bila kiberiti wala cheche. Hili nawafundisha watoto wa sekondari: tambara linatandazwa nje likauke, au linatiwa kwenye ndoo ya chuma yenye maji na kifuniko. Chuo kikishindwa kusimamia jambo dogo kama hilo, basi hata kwenye zege kitaua watu.

Tatu, Glasgow inatufundisha kitu mahususi zaidi ya "sanaa ni hatari". Moto ulipita kwenye njia za hewa ambazo hakuna aliyeziziba. Yaani jengo halikujulikana ndani yake vya kutosha, au lilijulikana na kazi ikachelewa. Ndiyo hasa sababu nasema wanafunzi walipime na kulichora jengo kabla ya kuweka hata meza. Kila dari, kila tundu, kila waya wa umeme uliopitishwa na mpangaji wa miaka ya themanini.

Na kuhusu kulifanya makumbusho: Makumbusho ya Uganda yenyewe, jengo zuri vile, mwaka 2011 yalikuwa yakipiganiwa mahakamani kwa sababu serikali ilitaka kiwanja chake kwa mnara wa biashara wa ghorofa sitini. Jengo lisilo na watu wengi wanaolitegemea kila siku linaonekana kiwanja tu.

BintiBombo

Salaam kwenu. Nimesoma uchapaji wa sanaa, kwa hiyo niongeze mambo mawili ya watu wa karakana ambayo wasanifu husahau.

Moja ni uzito. Mashine ya kuchapia picha za shaba ni chuma kitupu, na uzito wote unashuka kwenye miguu minne. Ghorofa ya mbao haikujengwa kwa hilo. Mashine zikae chini, kwenye sakafu iliyolala juu ya ardhi, na ghorofani wakae wachoraji. Wafinyanzi pia chini, kwa sababu magunia ya udongo yanalemea na vumbi lake likikauka linaharibu mapafu. Sakafu yao isafishwe kwa maji, isifagiliwe. Na tindikali za kuchonga shaba zinahitaji dirisha lenye upepo wa kweli, tena maji yake machafu yasiende kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Jinja mko juu ya ziwa na Nile, hilo mlifikirie kabla ya mengine yote.

La pili ni mwanga. Vitabu vya nje vinasema darasa la uchoraji liwe na madirisha ya kaskazini, kwa sababu jua halipiti huko. Kwao, ndiyo. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta: kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri liko kaskazini mwetu, miezi mingine liko kusini. Ukijenga kwa kufuata kitabu cha Ulaya, nusu ya mwaka mwanafunzi anachora na jua usoni. Wahindi waliojenga Jinja walilielewa hili: kibaraza kirefu pande za barabara, dirisha dogo la juu karibu na dari, ua wa katikati unaomwaga mwanga laini ndani ya vyumba vya nyuma. Vyumba vile vya kuzunguka ua vina mwanga mzuri wa kuchorea kuliko darasa lolote la zege nililowahi kukaa. Hapo mwalimu ana haki, na ndugu wa Tororo naomba alione hili pia.

Halafu kuta. Pale Makerere, bweni la Mary Stuart, kuna mchoro wa ukutani wa Theresa Musoke tangu alipokuwa mwanafunzi miaka ya 1960. Jengo jipya linakupa ukuta mweupe, na wakuu wanaogopa uchafuliwe. Jengo lenye umri linaelewa kuachiwa alama, mradi alama iwe nzuri.

FundiChokaa

Mimi ni fundi mwashi, nimefanya kazi kwenye nyumba za zamani Jinja na Entebbe. Naomba wasomi mnisikilize kwa hili moja kabla hamjaharibu.

Msipige saruji.

Tofali la zamani la kuchoma ni laini, na limeunganishwa kwa chokaa au kwa udongo. Ukuta wake unapumua: unanyonya unyevu wa mvua na wa ardhini, kisha unautoa. Ukija na plasta ya saruji ukaufunika wote, unyevu unakosa pa kutokea. Unapanda juu ndani ya ukuta, unabeba chumvi, chumvi ikikauka inasukuma uso wa tofali, na baada ya misimu michache ya mvua plasta inabanduka ikiwa imeshika tofali nusu. Mwenye nyumba anasema jengo ni bovu. Jengo halikuwa bovu, limenyongwa.

Chokaa ipo nchini, huchomwa Kasese. Inalowekwa maji, inaachwa iive wiki kadhaa, ikikaa zaidi inazidi kuwa laini. Inachanganywa na mchanga safi wenye punje za ukubwa tofauti, inapigwa kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka linafunikwa gunia bichi lisikauke haraka na jua letu. Ni kazi ya subira. Mwanafunzi wa sanaa anaipenda kuliko kijana wa mjengo, kwa sababu kijana wa mjengo analipwa kwa siku na anataka kumaliza. Hapo ndipo wazo la mwalimu lilinigusa.

Kuhusu vigae vile vyekundu vya Mangalore: vikivunjika watu hutoa vyote na kuweka mabati. Msifanye. Tafuteni nyumba inayobomolewa, nunueni vigae vyake. Mabati yanaleta joto na kelele ya mvua, mwalimu hatasikika. Na mkikuta paa au dari ya shuka za kijivu zenye asbesto, kama zilizowekwa sana katikati ya karne iliyopita, asiguse mtu. Msikate, msitoboe, msifagie vumbi lake. Aitwe mtaalamu mwenye kibali.

MshonajiIganga

Nasoma kimya tangu mwanzo. Mimi si mtu wa chuo, nina cherehani kwenye kibaraza cha jengo kama hayo mnayoyasifu. Pembeni yangu kuna mtengeneza saa na mama wa magazeti. Tunamlipa mwenye duka, yeye anamlipa mwenye jengo. Sasa chuo kikija, sisi tunakwenda wapi? Maana nimeona hoteli zikifunguliwa kwenye nyumba za zamani, na siku ya kwanza ya ukarabati kibaraza kinafagiliwa watu. Mnasema jengo halina wa kuliangalia. Mimi ndiye ninayeziba tundu la paa la kibaraza kwa nailoni kila mvua ikianza.

MwalimuWalukuba

Dada yangu wa Iganga, nakushukuru kwa dhati. Ulichosema kina uzito sawa na kila kilichoandikwa hapa, na naomba chuo chochote kitakachosoma uzi huu kianze kusoma kwako.

Savannah nayo imelaumiwa kwa hilohilo: chuo kimoja kikishika majengo mengi mjini, kodi za nyumba hupanda na wenyeji wa kipato cha chini husogezwa pembeni. Sitaki Jinja hiyo.

Kwa hiyo naliweka kama sharti. Watu wa kibaraza wabaki, wawe na mkataba wao wenyewe na chuo, wa maandishi, si wa mdomo kupitia mtu wa kati. Na si kwa huruma. Chuo chenye idara ya mitindo na nguo kina mshonaji mlangoni mwenye uzoefu wa miaka mingi wa kukata kitenge na gomesi, vazi letu la kina mama, bila kupoteza hata kipande, halafu kimfukuze ili kiajiri mwalimu wa kushona? Alipwe afundishe. Mtengeneza saa vilevile: watu wa vito na vyuma vidogo wanahitaji mikono ile.

Kama chuo hakiko tayari kwa hilo, mimi mwenyewe nitaandamana kukipinga.

MwanaMizingani

Nawasalimu kutoka Unguja. Mnayozungumza sisi tumeishi nayo. Chuo cha muziki cha Nchi za Majahazi kwa miaka mingi kilikuwa juu ya Jumba la Forodha la zamani, Mizingani. Madirisha wazi, upepo wa bahari, ukipita chini unasikia ganuni na fidla za taarabu. Jumba lilikuwa hai kwa sababu yake. Lakini mpangaji ni mpangaji; chuo cha sanaa hakina fedha za hoteli, na kila mwaka ni kutafuta wafadhili.

Na jingine: Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, la 1883, fahari yetu, upande wake mmoja ulianguka Desemba 2020 likiwa linafanyiwa ukarabati, watu wakafariki. Lilikuwa limeshafungwa kwa umma miaka kadhaa. Kwa hiyo kulifunga jengo si kulilinda, na kulitengeneza bila kulijua ni hatari. Mwalimu, kupima kwanza, kupima kwanza.

WakiliMbale

Niongeze upande wa sheria kwa ufupi, maana hapo ndipo mipango mizuri hufia.

Kwa miaka mingi tulitumia sheria ya minara ya kihistoria ya 1967, iliyokuwa na meno machache. Sasa ipo sheria mpya ya makumbusho na minara ya 2023. Kabla ya kugusa jengo, ulizeni idara inayohusika kama limeorodheshwa, na kama halijaorodheshwa lakini lina thamani, chuo chenyewe kiombe liorodheshwe. Wenye majengo wengi hulikimbia jambo hili wakidhani watanyang'anywa. Chuo kisikimbie. Uorodheshwaji ndio utakaokilinda siku mtu atakapokuja na ramani ya jengo la ghorofa kumi.

La pili ni hati. Majengo mengi ya mjini yamekaa juu ya ardhi ya kukodi. Angalieni imebaki miaka mingapi, na nani amesajiliwa hasa. Mali zilizopita kwenye bodi baada ya 1972 wakati mwingine zina wadai wawili, mmoja hapa na mmoja ng'ambo. Chuo kisitumie hata shilingi moja kwenye paa kabla ya utafutaji wa hati kukamilika na kabla ya mkataba wa muda mrefu kusajiliwa. Kwa matengenezo ya aina hii, mkataba wa miaka mitano ni kumtengenezea mtu mwingine nyumba yake bure.

MsomajiTororo

Nimesoma yote. Bado naogopa moto, lakini nakubali kwamba tanuri nyuma ya ua na uchoraji ndani ni jambo jingine na nililokuwa naliwaza. Naongeza sharti langu: milango ya kutokea miwili kila ghorofa, hata kama ni kujenga ngazi mpya ya chuma upande wa ua, na umeme wote uvutwe upya. Waya wa zamani usibaki hata futi moja. Haya mawili yakifanyika, nitamleta mwanangu kusoma.

MwalimuWalukuba

Ndugu, sharti lako nimelipokea, na ngazi ya chuma nyuma haiharibu sura ya mbele.

Nimeamua tusisubiri chuo. Muhula ujao, kwa ruhusa ya mwenye jengo mmoja ambaye amekubali, wanafunzi wangu wa kidato cha tano wataanza kupima na kuchora: ramani ya chini, sura ya mbele, na mkato mmoja unaopita uani, kwa kipimo cha moja kwa hamsini. Wataandika pia kila ufa, kila boriti iliyoliwa na mchwa, kila kigae kinachokosekana. Michoro itawekwa mahali chuo chochote au ofisi ya jiji itaweza kuiona bila malipo. BintiBombo, ukiweza kuja siku moja uwaonyeshe watoto jinsi ya kusoma mwanga wa chumba saa mbalimbali, nitashukuru. Mshonaji, wewe ndiye wa kwanza tutakayemuuliza maji yanaingilia wapi.

FundiChokaa

Nitakuja. Waambie watoto wasiamini kwamba chumba ni mraba kwa sababu kinaonekana mraba. Wapime pande zote nne, kisha wavute kamba kona kwa kona mara mbili. Zikitofautiana, chumba kimepinda, na waandike kimepinda kiasi gani. Walete misumari mirefu ya kukwangulia viungo vya matofali sehemu iliyojificha: kikiporomoka kwa urahisi ni chokaa au udongo, kikigoma ni saruji ya fundi wa baadaye. Kamba na ngazi ninazo mimi.